Nyumbani Si Nje

Rwamishenye, Jumamosi alasiri

Mwanangu Kemilembe,

Mmeondoka na baba yako kwenda Kamachumu kuaga wazee, nami nimebaki nikisema nina nguo zako za kupiga pasi. Nguo zako nilizipiga pasi jana. Nilitaka nyumba iwe tupu ili nikuandikie jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo, maana kila nikilianza sauti yangu hupanda, na wewe huanza kunihurumia kabla hujaelewa.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala kula kwa wakati, wala marafiki. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na kesho utakapokuwa kwenye gari nitakupigia simu niyarudie. Nakuandikia juu ya Verdiana, unayemwita bibi na mimi namwita shangazi, na kwa nini hutakaa nyumbani kwake Mwanza.

Najua hivi sasa babu yako anakuambia kinyume. Anakuambia chumba kimeshatandikwa, na kwamba mjukuu wake hawezi kulala hosteli na watu asiowajua wakati binti yao ana nyumba mjini. Mtakaporudi utaniuliza nimfuate nani, mama au babu. Basi soma kwanza.

Wewe unamjua Verdiana kama bibi mcheshi anayekuja Krismasi na vitenge vizuri, anayekufanya ucheke mpaka unashika ubavu. Hayo ni ya kweli. Baba yake na babu yangu walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo ni dada wa baba yangu, na kwetu dada wa baba si mtu wa kutembelea tu. Ndiye anayekufundisha mambo ya kike, ndiye anayesikia ambayo hukumwambia mama yako, na jambo likikuzidi ndiye anayelipeleka kwa wazee. Nilikua nikijua hivyo. Ningepaswa kukumbuka hivyo siku niliyoingia ofisini kwake.

Ulikuwa darasa la saba. Yeye alikuwa msuluhishi wa chuo ninachofanyia kazi hapa Bukoba, kabla hajahamia kwenye chuo unachokwenda wewe, kwa kazi hiyo hiyo. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya zahanati, mlango umeelekea kwenye miti ili mtu aweze kuingia bila kuonekana. Msuluhishi hahukumu na hashtaki. Mwanafunzi au mfanyakazi mwenye jambo zito anakwenda pale, anasikilizwa, anaelezwa njia zilizo mbele yake, kisha anachagua mwenyewe. Jina lake haliandikwi popote.

Mimi nilikuwa na jambo zito. Mkataba wangu wa maktaba ulikuwa unakaribia kwisha, na mkuu wetu wa kitengo ndiye aliyepaswa kupendekeza uendelee. Akaniambia mapendekezo kama hayo hayazungumzwi kazini, yanazungumzwa penye utulivu, akataja hoteli. Nilicheka nikijifanya nimesikia utani. Kesho yake akarudia, na safari hiyo hakucheka. Wewe ni mtu mzima sasa, unajua jambo hilo linaitwaje.

Sikumwambia baba yako mara moja. Nilikuwa natafuta maneno. Nilimjua, angekwenda chuoni siku hiyo hiyo na shati lake la kazi, na baada ya hapo jambo lisingekuwa langu tena. Nilitaka kumwambia nikiwa nimeshahamishiwa kitengo kingine, ili asikie tatizo na mwisho wake kwa pamoja.

Nikaenda nyuma ya zahanati. Shangazi alinipokea vizuri, akafunga mlango, akavaa miwani, akasema kama alivyowaambia watu wote:

"Yanayosemwa hapa hayatoki. Yanatoka kwa njia mbili tu. Wewe uniruhusu, au nione kuna mtu yuko hatarini kuumizwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Madam."

Akavua miwani. "Madam nani? Mimi ndiye Madam wako leo?"

Aliniambia kwa kucheka, na mimi nikacheka. Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kihaya kama ninavyomwamkia Kamachumu. Alinishika kichwa. Akatoa kikapu cha akamwani, kahawa ile ya kutafuna ambayo mgeni hanyimwi kwetu, tukatafuna. "Haya, waitu, sema sasa," akaniambia. Kuanzia hapo hatukusema Kiswahili tena. Nilimwambia yote, hata yale ambayo nisingemwambia mtu aliyevaa miwani. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilinunua samaki njiani. Labda unaikumbuka jioni hiyo, mliniuliza tunasherehekea nini.

Siku chache baadaye baba yangu akanipigia simu. "Jumapili njoo nyumbani, uje na mumeo."

"Kuna msiba, tata?"

"Msiba gani? Njoo."

Tulikuacha kwa jirani. Njia nzima baba yako alinitania kwamba lazima ni posa ya mdogo wangu, na kwamba sisi watu wa Kamachumu tukiitana bila kutaja sababu basi kuna mtu anataka kula. Tulipofika uani nikaona mitungi ya olubisi, pombe yetu ya ndizi, nikadhani ni kweli.

Ndani walikaa wazee wa ukoo wetu. Shangazi Verdiana alikuwa mkekani pamoja na shangazi zangu wengine, amevaa kitenge kipya. Upande wa pili alikaa mkuu wangu wa kitengo. Kando yake alikuwa kaka yake mkubwa, mkulima wa Rubya, mtu mpole aliyeshika kofia yake magotini kama aliye kanisani. Nje, kwenye mgomba, walikuwa wamefunga mbuzi.

Baba mdogo Leonsi ndiye aliyefungua mazungumzo. Alichungulia dirishani, akauliza, "Wageni, huyo mliyetuletea ni mbuzi au paka wa Rubya?"

Watu wakacheka. Yule kaka akasema kwa unyenyekevu, "Ni mbuzi, mzee. Ukame ulitupiga."

"Ukame umempiga mpaka pembe!"

Wakacheka tena. Baba yako naye akacheka, maskini, bado alikuwa akisubiri kusikia habari za posa. Kisha mkuu wangu akasimama. Akasema, "Wazee, ulimi wangu uliteleza kwa binti yenu. Nimekosa kwenu." Akaeleza, kwa maneno ya kuzunguka lakini yaliyoeleweka, ni hoteli gani na ni mkataba gani.

Hivyo ndivyo baba yako alivyosikia.

Baba yangu akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Una neno?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kuuliza kwa nini mtu huyu anamwomba radhi baba yangu, na kwa nini hajanitazama tangu niingie. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na olubisi ilikuwa imeshamiminwa. Nikasema, "Sina." Wakasema basi limekwisha. Mimi ndiye niliyepewa sinia la nyama niwapelekee.

Nilimfuata shangazi nyuma ya jiko, kwenye migomba, alikokwenda kunawa mikono.

"Shangazi, uliniambia hayatoki."

Alinishangaa kweli, Kemilembe. Nimeurudia uso ule kichwani mara nyingi nikitafuta hila ndani yake, na sijaiona.

"Yametoka wapi?" akaniuliza. "Nani chuoni anajua? Mkuu wa chuo hajui. Mhasibu hajui. Wenzako wa maktaba hawajui. Nimeyaleta nyumbani. Nyumbani si nje."

"Mume wangu amesikia mbele ya watu."

"Mumeo ni mtu wa nyumbani."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Ulinipigia magoti. Ulinililia kwa Kihaya. Shangazi akisikia binti wa kaka yake anaonewa akanyamaza kwa sababu ya karatasi ya chuo, huyo ni shangazi wa namna gani? Ungebaki kwenye kiti chako ukaniita Madam, ningenyamaza mpaka kaburini."

Kisha akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake kipya, akarudi ndani.

Mkataba wangu ulipita. Yule bwana akaanza kuniita dada mbele ya watu. Nilipomwambia babu yako kwamba nataka kupeleka malalamiko ya maandishi kwa uongozi wa chuo, kwa njia ya kawaida, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Tumeshakula mbuzi wake," akasema. "Unataka tumtapike?" Kila mtu aliyejua aliona nimetendewa wema mkubwa, kazi imebaki na heshima imebaki. Mimi ndiye niliyeonekana sina shukrani. Na nyumbani kwetu, wewe mwenyewe uliniuliza kwa nini baba hali tena mezani na sisi. Nilikudanganya kwamba tumbo linamsumbua. Aliniuliza swali moja tu wakati ule: "Kwa nini nilikuwa wa mwisho?" Nilijaribu kulijibu kwa miezi mingi, na nilielewa jinsi kutojibu vizuri kunavyofanana na uongo.

Ningeweza kuishia hapa na ungeelewa kwa nini simtaki. Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimekufundisha kuogopa ofisi ile, na hilo silitaki, kwa sababu kuna sehemu nyingine ambayo inaniuma zaidi.

Mwaka uliofuata alikuja maktaba binti mmoja kwa mafunzo ya vitendo. Siku moja alinikuta nikirudisha vitabu kwenye rafu.

"Mama, naweza kukuuliza kitu?"

Nilijua kabla hajauliza. Nilijua hata hoteli. Nilitaka kumwambia aende nyuma ya zahanati, lakini mdomo wangu ulikataa. Nikamuuliza, "Kwenu ni wapi?"

"Tabora."

"Una ndugu hapa Bukoba?"

"Sina hata mmoja, mama."

"Basi nenda kwa msuluhishi," nikamwambia. "Pale ndani huna shangazi."

Alinitazama kama mtu aliyepewa dawa bila maelezo, lakini akaenda. Baada ya muda yule bwana aliondolewa kwenye kusimamia watu, akapewa kazi ya peke yake kwenye ghala la vitabu vya zamani. Hakuna aliyejua sababu. Jina la yule binti halikutajwa na yeyote, alimaliza mafunzo yake akaondoka salama. Udadisi ulinishinda. Tulipokutana na shangazi kwenye ubatizo Kamachumu nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Ni yule wa Tabora, siyo?"

Akanitazama kama niliyetukana kanisani. "Unaniuliza mambo ya ofisini? Yanayosemwa pale hayatoki."

Umeona, mwanangu? Mgeni alipata ahadi yote, nzima, pamoja na mipaka yake miwili iliyosemwa mlangoni. Mimi nilipata mpaka wa tatu ambao hakuna aliyenitajia, kwamba ukiwa wa damu yake, ahadi haikuhusu. Kama angekuwa mbea ningemsamehe upesi, maana mbea humsaliti kila mtu. Yeye alijua kutunza siri. Alizitunza za watu wote, akaitoa yangu kwa sababu ananipenda.

Sijapona. Nakuambia hivyo kwa sababu watu watakuambia mama yako alishasamehe, wakiniona namkaribisha chakula Krismasi. Namkaribisha. Namwekea ndizi laini zile anazozipenda. Na kila akisema "mwanangu" naisikia mitungi ile ikimiminwa.

Wiki hii nilimpigia simu. Alianza kabla sijamwamkia vizuri: "Chumba cha Kemilembe nimetandika, nimeweka na pazia. Anapenda maharage au hapendi?"

"Shangazi, Kemilembe atakaa hosteli."

Nilimsikia akizima redio.

"Ni kwa sababu ya yale?"

"Ndiyo."

"Nilikuokoa."

"Uliokoa jina la nyumba. Mimi sikuulizwa."

"Miaka yote hii unalo tu?"

"Ninalo, shangazi."

Hakuomba radhi, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba sitaingoja. Lakini akaniuliza swali ambalo limeninyima raha tangu siku hiyo. "Sasa mtoto akipata shida huku, aende wapi? Ofisi ya kusikiliza watu huku ni hii yangu."

Nilikuwa sijalifikiria. Nilikuwa nimefikiria chumba na pazia na jinsi ya kumkatalia, sikufikiria kwamba siku ukiwa na jambo lako zito mlango utakaouona utakuwa mlango wake. Nikamwambia, "Akija, msikilize kama ulivyomsikiliza yule ambaye hutaki kumtaja. Niahidi."

Akasema, "Siwezi kukuahidi. Nitamwona usoni nitaona uso wako. Nikisikia anaonewa sitalala mpaka nimpigie baba yako."

Nilitaka kukata simu, Kemilembe. Lakini ghafla nikaona kwamba ndiyo mara ya kwanza ananiambia mpaka wake kabla ya jambo na si baada yake. Kama angeniambia hivyo nyuma ya zahanati, ningeinuka nikatoka, na ningemheshimu mpaka leo.

"Basi usimpokee," nikamwambia. "Akigonga, mwambie hapa hapana."

"Nitampa mwenzangu," akasema. "Kuna kijana tunafanya naye kazi, mtu wa Singida. Hajui hata Muleba iko upande gani."

"Anatunza?"

"Anatunza kuliko mimi. Nikimuuliza ameongea na nani asubuhi ananiambia, Mama Verdiana, kunywa chai yako." Akacheka kidogo, mimi sikucheka, naye akaacha.

Kwa hiyo ukiwa na jambo, mwulizie huyo kijana wa Singida, na mlangoni useme mapema kwamba msuluhishi mwenzake ni ndugu yako. Muulize atayapeleka wapi utakayomwambia, na asiporidhika na swali hilo, inuka. Bibi Verdiana mtembelee Jumapili, kula kwake, cheka naye, mpigie magoti kama kawaida, nisije nikasikia umemkosea heshima kwa ajili yangu. Ugomvi huu ni wangu. Ila ya moyoni yaache hosteli.

Nami nina mipaka yangu, na ni haki yako kuijua kabla hujanipigia simu ya kwanza. Ukiniambia kuna mtu anataka kukudhuru, au wewe mwenyewe unataka kujidhuru, nitapiga kelele, nitampigia baba yako na kila mwenye masikio, na sitakuomba ruhusa. Unaweza kunichukia kwa hilo. Mengine yote, hata yakiwa ya aibu, hata ukiwa umefeli, umependa mtu nisiyemtaka, au umeacha kwenda misa, nitakuuliza kwanza: unataka nimwambie nani? Ukisema hakuna, basi hakuna. Wala si babu. Wala si baba yako, na yeye amekubali.

Babu nitamkabili mimi. Akikupigia simu leo usiku kukuuliza, mwambie mama ndiye aliyekataa. Sitaki kesho upande gari ukiwa umebeba neno langu mgongoni kana kwamba ni lako.

Jambo la mwisho. Habari hii si yangu peke yangu. Nusu yake ni ya baba yako, maana yeye ndiye aliyekaa pale kati ya wazee akicheka juu ya mbuzi. Kwa hiyo kabla sijachukua kalamu nilimuuliza kama naweza kukuandikia. Alifikiri muda mrefu, akiwa anafunga kamba za viatu vyake, akasema, "Mwandikie. Ni mkubwa sasa." Alipofika mlangoni akarudi. Kuna kitu kimoja cha Jumapili ile, baada ya sisi kutoka Kamachumu, alichoniomba nisikiandike.

Sijakiandika. Usimuulize.

Mama yako, anayekuamini